Wreford-Brown: Nahodha wa ridhaa anayehusishwa na neno ‘soka’

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

HAKUNA ukurasa wa michezo katika gazeti la Kiswahili unaokosa neno soka. Mhariri wa Dar es Salaam hulitumia kila siku, na mtangazaji wa redio anayesikika hadi Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, au Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa, hulitamka bila kufikiri lilikotoka.

Ni wachache wanaojua kwamba masimulizi ya mchezo huo yanalihusisha neno hilo na mtu mmoja, Charles Wreford-Brown, Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1951. Alikuwa mchezaji wa ridhaa aliyefikia kuwa nahodha wa England, na uzeeni akakaa mbele ya ubao wa sataranji, ambao wengi mjini huuita chesi, kushindana na vigogo.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya, hasa katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, ambako karibu kila anayecheza mpira ni mchezaji wa ridhaa, apende asipende.

Historia ina namna yake ya kukutanisha mambo. Mwishoni mwa mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alipokewa katika ufalme wa Karagwe na Mfalme Rumanyika, ambaye makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Enzi hizo hapakuwa na Wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Speke alirejea kwao mwaka 1863 na kuanza kuwasimulia Waingereza habari za Karagwe. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, wawakilishi wa klabu kadhaa walikutana jijini London na kuunda Chama cha Soka cha England (FA), kilichoandika sheria za mchezo ambazo baadaye zilifika hadi kwenye migomba ya Karagwe.

Mtoto wa Bristol

Miaka mitatu baada ya FA kuundwa, Oktoba 9, 1866, Wreford-Brown alizaliwa Clifton, katika mji wa Bristol. Alisoma shule ya Charterhouse, mojawapo ya shule za watoto wa wenye nafasi ambamo mpira wa miguu ulilelewa, kisha akajiunga na Chuo cha Oriel katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Alikuwa kiungo wa kati, nafasi iliyobeba uzito mkubwa kwa wakati ule, kwani mchezaji wake alitakiwa kuzuia na kuanzisha mashambulizi kwa pamoja. Alicheza pia kriketi, akiuwakilisha Oxford na jimbo la Gloucestershire.

Ni katika mazingira hayo ya Oxford ndipo kisa cha neno soka kinapowekwa. Wanafunzi wa huko walikuwa na mazoea ya kukata maneno na kuyapachika mkia wao, hata raga wakaiita ‘rugger’. Husimuliwa kwamba Wreford-Brown alialikwa kwenda kucheza raga, naye akajibu kwa mzaha kwamba yeye anakwenda kwenye ‘soccer’, jina alilolikata kutoka katikati ya neno la Kiingereza lenye maana ya chama.

Wapo wanahistoria wanaokitilia shaka kisa hicho, kwa kuwa mtindo huo wa maneno ulikuwa wa wanafunzi wengi na si wa mtu mmoja. Hata hivyo, jina lake limeng’ang’ania kwenye neno hilo.

Klabu isiyotaka vikombe

Mwaka 1882 iliundwa klabu ya Corinthian, iliyokusanya wachezaji bora wa ridhaa kutoka shule kubwa na vyuo vikuu. Kwa miaka mingi kanuni zake ziliizuia kuwania vikombe na zawadi. Wreford-Brown akawa mmoja wa nguzo zake.

Wakati huo soka lilikuwa linabadilika. Mwaka 1885 FA iliruhusu rasmi wachezaji kulipwa, na vijana wa viwandani kaskazini mwa England wakaanza kuishi kwa miguu yao. Mwaka 1891 ikaja sheria ya penalti, ambayo watu wa Corinthian waliiona kama tusi, kwani ilichukulia kwamba muungwana anaweza kucheza rafu kwa makusudi.

Hata hivyo ubora wao haukuwa wa maneno. Katika mechi dhidi ya Wales mwaka 1894 na 1895, wachezaji wote 11 wa England walikuwa wa Corinthian, Wreford-Brown akiwemo. Alikuwa ameichezea England kwa mara ya kwanza mwaka 1889 dhidi ya Ireland.

Kilele chake kilikuwa Aprili 2, 1898, alipokuwa nahodha wa England katika mechi dhidi ya Scotland jijini Glasgow. England ilishinda 3-1, mabao mawili yakifungwa na Steve Bloomer, mchezaji wa kulipwa. Hiyo ndiyo mechi ya nne na ya mwisho kwa Wreford-Brown katika timu ya taifa.

Husimuliwa pia kwamba alikuwa akiingia uwanjani na sarafu za dhahabu mfukoni, na kila mchezaji wa kulipwa alipofunga bao, nahodha alimpenyezea sarafu moja mkononi. Kisa hicho huchekesha, lakini kinaeleza tofauti ya matabaka kuliko kitabu kizima. Aliyecheza bure ndiye aliyekuwa na dhahabu ya kugawa, na aliyelipwa ndiye aliyeihitaji.

Kutoka uwanjani hadi kwenye ubao

Wengi wakitundika viatu hubaki na kumbukumbu tu. Wreford-Brown alibaki na ubao wenye miraba 64 na kete 16 kila upande.

Msomaji wa Kagera hahitaji maelezo marefu kuhusu utamu wa mchezo wa namna hiyo. Nchi za Maziwa Makuu zina bao la safu nne, ambalo Waganda huliita omweso na Wanyarwanda igisoro. Kama ilivyo kwenye sataranji, mchezaji wa bao huhesabu hatua kadhaa mbele na kumsoma mpinzani kabla hajagusa kete.

Julai 1924, akiwa na umri wa miaka 57, Wreford-Brown alikuwa miongoni mwa Waingereza walioshiriki mashindano ya kimataifa ya sataranji jijini Paris, yaliyofanyika wakati jiji hilo likiandaa Michezo ya Olimpiki. Wachezaji 54 kutoka nchi 18 walikutana, na Hermanis Matisons wa Latvia akaibuka mshindi. Katika mkutano huohuo wa Paris, Julai 20, lilizaliwa Shirikisho la Kimataifa la Sataranji (FIDE).

Mwaka 1933, akiwa na miaka 66, aliingia tena katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza mjini Hastings. Bingwa wa mwaka huo hakuwa muungwana wa Oxford. Alikuwa Mir Sultan Khan kutoka Punjab, aliyefika Uingereza mwaka 1929 katika msafara wa bwana mkubwa wa huko, Sir Umar Hayat Khan. Ubingwa wa wanawake ulikwenda kwa Fatima, kutoka nyumba hiyohiyo ya Sir Umar.

Mbele ya ubao, hakuna aliyehitaji sarafu ya nahodha. Mgeni kutoka koloni aliwashinda wenye nchi yao, na kete hazikuuliza amesoma wapi.

Doa la Berlin

Wreford-Brown aliutumikia mpira kwa miaka mingi akiwa kiongozi ndani ya FA, akiwamo katika kamati iliyochagua timu ya taifa. Uongozi huo ndio uliomfikisha Berlin, Mei 14, 1938.

Siku hiyo England iliifunga Ujerumani mabao 6-3, lakini dunia inaikumbuka picha iliyopigwa kabla ya mechi, wachezaji wa England wakiwa wameinua mikono kwa saluti ya Wanazi. Balozi wa Uingereza, Nevile Henderson, alitaka heshima hiyo itolewe, na Wreford-Brown na katibu wa FA, Stanley Rous, ndio waliokuwa viongozi wa msafara. Wachezaji walitii, baadhi yao kwa uchungu mkubwa.

Mzee aliyezoea kupima hatua tatu mbele ya mpinzani hakuizuia hatua hiyo moja. Mwaka uliofuata vita kuu ya pili ilianza.

Alifariki dunia Novemba 26, 1951, akiwa na umri wa miaka 85. Wakati huo mpira ulikuwa umekwishaota mizizi Tanganyika, na klabu ya Yanga ilikuwa na miaka 16 tangu kuundwa.

Ridhaa ya nani?

Neno ridhaa lina maana ya hiari. Kwa Wreford-Brown lilikuwa na maana hiyo kamili, kwani alicheza bure kwa kuwa aliweza kufanya hivyo, na kesho yake haikutegemea bao.

Kijana wa ndondo anayetoka Nkwenda kwenda kucheza Isingiro, aliyeanza na mpira wa majani makavu ya migomba, naye huitwa mchezaji wa ridhaa. Hakuichagua hali hiyo. Hajatokea tu wa kumlipa.

Wreford-Brown anafaa kukumbukwa kwa kuonyesha kwamba miguu na akili vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Lakini atakayewasifia vijana wa Karagwe na Kyerwa kwa kucheza bila malipo, akumbuke kwanza nani alikuwa na sarafu mfukoni.