Jamaa aliyekubali kulala seli badala ya kulipa kodi

Ukipokea mshahara wako wa kwanza, kinachokushtua zaidi ni makato. Chapaa imekatwa kabla hujaishika, na hakuna aliyekuuliza. Sasa twende Concord, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, Julai 1846, ukutane na jamaa aliyesema yeye lazima aulizwe.

Jina lake Henry David Thoreau. Alikuwa na miaka 29. Alisoma Harvard, akajaribu ualimu, kisha akamsaidia babake katika biashara ya familia ya kutengeneza penseli. Wakati huo aliishi peke yake kando ya ziwa Walden, ndani ya kibanda alichojijengea kwa dola 28 na senti 12 na nusu. Lakini usimwone kama mtawa wa msituni. Shamba lilikuwa la rafiki yake, mwandishi Ralph Waldo Emerson, na kwao hakukuwa mbali.

Siku hiyo alikuwa ameingia mjini kuchukua kiatu kwa fundi. Akakutana na Sam Staples, mkusanyaji kodi ambaye pia ndiye alilinda jela. Staples akamkumbusha kodi ya kichwa, ambayo hakuwa amelipa kwa miaka kadhaa. Hazikuwa pesa nyingi. Inasemekana Staples alijitolea hata kumlipia. Thoreau akakataa. Kama ni jela, basi twende.

Mbona? Hapo ndipo wengi humkosea. Hakuwa mkono birika. Kodi ya barabara alilipa bila kelele, maana alitaka kuwa jirani mwema. Tena miaka michache kabla, alidaiwa ada ya kanisa ambalo babake alihudhuria, ilhali yeye hakuwa muumini wake. Akawaandikia kwamba asihesabiwe mwanachama wa kundi lolote ambalo hakujiunga nalo mwenyewe. Wakamwacha. Shida ni kwamba serikali haina fomu ya kujitoa.

Na serikali hiyo ilikuwa ikiulinda utumwa, halafu Mei mwaka huohuo ikaingia vitani na Mexico. Hoja ya Thoreau ilikuwa hii: pesa zangu ni jasho langu. Ukinilazimisha kuzitoa, kisha ukazinunulia bunduki au ukamlipa anayemrudisha mtumwa kwa bwana wake, umenifanya mshiriki wa dhambi yako. Kwamba wengi wamepiga kura wakakubali hakufanyi jambo liwe haki, na dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kufutwa kwa hesabu ya vichwa.

Emerson hakufurahishwa na hatua ile, na mimi pia hapa nasitasita. Kila mtu akichagua kodi ya kulipa, hospitali italipiwa na nani? Lakini swali la Thoreau halikuwa kama kodi ziwepo. Aliuliza ni wapi mamlaka ya serikali juu ya mtu na mali yake yanapokomea, na hilo halijapata jibu rahisi mpaka leo.

Alilala seli usiku mmoja tu. Kuna mtu aliyemlipia, na familia iliamini ni shangazi yake Maria. Asubuhi Staples alipomfungulia, jamaa alikasirika kwa kutolewa! Akaenda kumaliza shughuli ya kiatu chake, kisha akaongoza kundi la watu kuchuma matunda mwitu mlimani.

Mwaka wa 1848 aliwaeleza watu wa mji wake kisa hicho ukumbini, na mwaka uliofuata kikachapishwa kama insha. Ilisomwa na wachache. Baadaye sana ikamfikia Gandhi alipokuwa Afrika Kusini, kisha Martin Luther King akiwa mwanafunzi. Thoreau mwenyewe hakuyaona hayo. Kifua kikuu kilimuua Mei 6, 1862, akiwa na miaka 44, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe kuhusu utumwa ule vilikuwa vimeingia mwaka wa pili.