Maisha ya Bibi Rebecca Lancefield

Nimemchagua Bibi Rebecca Lancefield kwa sababu ya mdogo wangu, ambaye huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Alipokuwa na miaka minane aliumwa koo. Sisi nyumbani, karibu na soko la samaki la Feri, tulimpa chai ya tangawizi. Koo likapoa, tukasahau. Baada ya wiki tatu magoti yake yakavimba, kisha viwiko, na mwishowe daktari akasikia mlio usio wa kawaida moyoni mwake. Nilitaka sana kujua koo na moyo vina udugu gani. Ndipo nilipokutana na habari za bibi huyu.

Alizaliwa tarehe 5 Januari, 1895, katika ngome ya Fort Wadsworth, New York, Marekani, ambako baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Katika chuo cha Wellesley alianza kusoma lugha, kisha akavutwa na elimu ya wanyama, akamaliza mwaka wa 1916. Alifundisha mwaka mmoja katika shule ya bweni ya wasichana, akaweka akiba ili aendelee na masomo. Mwaka wa 1918 aliolewa na Bwana Donald Lancefield, na mwaka huo huo akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Rockefeller.

Wakati huo vijidudu viitwavyo streptokoki viliwasumbua sana askari makambini. Ukivitazama kwa hadubini ni kama shanga zilizotungwa katika uzi, na vyote hufanana. Je, ni vya namna moja au nyingi? Mwaka wa 1919 Dr. Dochez na Dr. Avery walitangaza kuwa ni vya namna mbalimbali, na jina la msaidizi wao likaandikwa pamoja na yao.

Tangu 1922 alifanya kazi na Dr. Homer Swift kuchunguza homa ya baridi yabisi, yaani ugonjwa ule uliompata mdogo wangu. Alipata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka wa 1925. Mwaka wa 1928 alieleza habari za protini iliyo juu ya ngozi ya kijidudu, ambayo huitwa protini M. Mwaka wa 1933 akagawa streptokoki katika makundi kwa herufi. Kundi A ndilo liumizalo koo za watu.

Protini M husimama juu ya kijidudu kama manyoya, ikazuia chembe nyeupe za damu zisikimeze. Mwili nao hutengeneza kingamwili za kuishambulia. Wataalamu waliokuja baadaye waliona kuwa sehemu za protini hiyo zafanana na protini za moyo. Hivyo yafikiriwa kwamba kwa watoto wengine walinzi wa mwili hukosea, wakaushambulia moyo wenyewe na kuharibu vali, yaani milango yake. Ni kama mlinzi ampigaye mwenye nyumba kwa kuwa amevaa kanzu kama ya mwizi.

Bibi Lancefield aliendelea na kazi mpaka uzeeni. Mwaka wa 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa kinga wa Marekani. Alifariki tarehe 3 Machi, 1981, akiwa na miaka 86.

Kazi yake haikufa. Huko Gulu, Uganda, watoto 818 walioonekana na dalili za mwanzo za ugonjwa huu moyoni walifuatwa kwa miaka miwili. Waliochomwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa ulizidi kwa chini ya mmoja katika mia. Wasiochomwa, kwa wanane katika mia. Taarifa ilitolewa mwaka wa 2021. Tangu niisome, mdogo wangu akilia siku ya sindano mimi humshika mkono, lakini simwonei huruma ya kumwachia asiende.

Wenzangu, sisi twalala wengi katika bweni moja, na kikohozi cha mmoja ni cha wote. Si kila koo liumalo lina streptokoki, lakini ni mganga ajuaye, si sisi. Dawa ikitolewa kabla ya siku tisa kupita, moyo waweza kuokolewa. Basi ukiumwa koo pamoja na homa, usinyamaze. Sisi tulinyamaza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne