Anichkov: Mrusi ambaye sungura wake walifichua siri ya kolesteroli

MGONJWA anayepimwa mafuta ya damu katika maabara hupewa karatasi yenye tarakimu nne. Kuna kolesteroli kwa jumla, kolesteroli ya LDL ambayo huitwa mbaya, ile ya HDL ambayo huitwa nzuri, na mafuta aina ya trigliseridi. Daktari huzitazama kabla ya kuamua iwapo moyo wa mgonjwa umo hatarini.

Jina la Nikolai Anichkov halimo katika karatasi hiyo. Hata hivyo, ni yeye aliyeonyesha zaidi ya karne moja iliyopita kwamba kolesteroli ikizidi katika damu, mishipa huharibika. Ulimwengu ulichukua takriban nusu karne kumsadiki.

Anichkov alizaliwa mwaka wa 1885 jijini St Petersburg, lililokuwa makao makuu ya Urusi enzi za wafalme. Familia yake ilikuwa ya tabaka la juu na babake alishikilia wadhifa mkubwa katika wizara ya elimu. Alisomea udaktari katika Chuo cha Tiba cha Kijeshi jijini humo na kuhitimu mwaka wa 1909.

Kijana huyo hakuvutiwa na kazi ya kutibu wagonjwa. Alijitosa katika patholojia, taaluma inayochunguza viungo vya mwili ili kubaini chanzo cha maradhi. Tasnifu yake ya mwaka wa 1912 ilihusu misuli ya moyo, na seli alizozieleza katika utafiti wake wa moyo zingali zinaitwa kwa jina lake.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kukakamaa kwa mishipa ya damu ni sehemu ya uzee, sawa na mvi na mikunjo ya ngozi. Kwa imani hiyo, hapakuwa na haja ya kutafuta kinga, kwa kuwa hakuna awezaye kuuzuia uzee.

Imani hiyo ilianza kutikisika mwaka wa 1908. Mtafiti Alexander Ignatowski aliwalisha sungura nyama, maziwa na mayai, na mishipa yao ikaharibika. Yeye alishuku protini za wanyama. Mwenzake, Stuckey, alitenganisha vyakula hivyo na kugundua kuwa ute wa yai haukuwa na madhara yoyote kwa mishipa ilhali kiini chake kiliidhuru. Swali likabaki: ni kitu gani kilichomo katika kiini cha yai?

Anichkov alishirikiana na mwanafunzi Semen Chalatov kulitafutia jibu. Wawili hao walichukua kolesteroli safi, wakaiyeyusha katika mafuta ya alizeti na kuwalisha sungura. Kundi jingine la sungura lilipewa mafuta ya alizeti pekee. Kundi la kwanza lilipatwa na utando wa mafuta katika ukuta wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, lakini la pili likabaki salama. Matokeo hayo yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1913, Anichkov akiwa bado hajatimiza umri wa miaka 30.

Ushahidi kutoka kwa binadamu ulikuwa umeshaanza kujitokeza. Mwaka wa 1910 mwanakemia Mjerumani, Adolf Windaus, alikuwa amepima mishipa iliyougua na kukuta kolesteroli nyingi mno kuliko ile ya mishipa yenye afya.

Anichkov hakukomea hapo. Kupitia hadubini aliziona seli zilizojaa matone ya mafuta ndani ya ukuta wa mshipa. Aidha, alibaini kwamba sungura alipoachishwa kolesteroli kwa muda mrefu, mafuta katika mishipa yake yalipungua, ingawa makovu yalibaki. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa uzee tu ulikuwa na chanzo, na kilichokuwa na chanzo kiliweza kuzuiwa.

Licha ya hayo, wengi hawakushawishika. Sungura ni mla majani, walisema, na tumbo lake halikuumbwa kwa kolesteroli. Fauka ya hayo, watafiti waliorudia jaribio hilo kwa panya na mbwa hawakuona madhara yoyote.

Maelezo yalipatikana baadaye. Panya na mbwa huigeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo kwa wepesi, hivyo haipandi sana katika damu yao. Mwaka wa 1946 watafiti wa Marekani waliidhoofisha kwanza tezi ya thiroidi ya mbwa, kisha wakawalisha kolesteroli. Ilipopanda katika damu, mishipa ya mbwa hao nayo iliugua. Ilidhihirika kuwa jambo kuu ni kiasi kinachozunguka katika damu, wala si kiasi kinachopita kinywani pekee.

Wakati hayo yakijadiliwa, Anichkov alikuwa na misukosuko ya nchi yake. Alikuwa ameenda Freiburg, Ujerumani, kufanya kazi na mtaalamu Ludwig Aschoff. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Ujerumani na Urusi zikawa maadui, naye akalitumikia jeshi la kwao kama daktari. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1917 alibaki nchini na kuendelea kufundisha na kutafiti. Mwaka wa 1946 aliteuliwa rais wa Chuo cha Sayansi za Tiba cha Muungano wa Kisovieti, wadhifa alioushikilia hadi mwaka wa 1953.

Mwaka wa 1950 John Gofman wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alichapisha utafiti uliotoa nguvu mpya kwa kazi ya Anichkov. Kwa kutumia mashine inayozungusha damu kwa kasi kubwa mno, alitenganisha chembe zinazobeba mafuta kulingana na uzito wake. Zile ambazo leo zinajulikana kama LDL zilihusishwa na ugonjwa wa moyo.

Mashine hiyo ilikuwa ghali. Mwaka wa 1972 Friedewald, Levy na Fredrickson walitoa hesabu rahisi: toa HDL na sehemu moja ya tano ya trigliseridi kutoka kwa kolesteroli yote, vipimo vikiwa katika miligramu kwa desilita, nawe utapata makadirio ya LDL. Hesabu hiyo haifai trigliseridi zikizidi 400, lakini iliwezesha maabara za kawaida kutoa majibu yaliyohitaji mitambo mikubwa.

Ithibati kwamba tiba inafaa ilipatikana mwaka wa 1984, jaribio la wanaume 3,806 nchini Marekani lilipoonyesha kuwa kupunguza kolesteroli kwa dawa kulipunguza mishtuko ya moyo. Mwaka wa 1987 dawa ya kwanza ya kundi la statini iliidhinishwa nchini humo.

Anichkov hakuyaona hayo. Aliaga dunia mwaka wa 1964 akiwa na umri wa miaka 79, jijini alikozaliwa, ambalo wakati huo liliitwa Leningrad. Hakuwahi kudai kuwa kolesteroli ndiyo sababu pekee. Alitambua kwamba shinikizo la damu na mambo mengine huchangia. Alichosisitiza ni kwamba bila kolesteroli maradhi hayo hayatokei.

Somo lake bado lina manufaa. Mtu mwembamba asiyekula vinono anaweza kuwa na kolesteroli ya kutisha aliyoirithi kwa wazazi, kwa sababu ini lenyewe huitengeneza. Hahisi maumivu wala dalili. Njia ya kujua ni kutolewa damu na kupimwa, kabla mshipa haujaziba.