Mganga Hajigangi: Kisa cha Horace Wells

Mgonjwa atokaye Lunga Lunga akapelekwa Msambweni kupasuliwa, humkumbuka daktari aliyeshika kisu. Yule aliyeketi kichwani pake, aliyemtia nusukaputi na kuzilinda pumzi zake hadi akazinduka, aghalabu hamjui hata jina. Leo tumtaje mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo, kwani maisha yake yana mazingatio.

Horace Wells alizaliwa mwaka 1815 huko Vermont, Marekani, akawa mganga wa meno mjini Hartford. Siku hizo jino liling'olewa kwa koleo na mayowe. Tarehe 10 Disemba, 1844, alihudhuria tamasha la watu kuvuta hewa ya kuchekesha. Kijana mmoja aliumia mguu asihisi kitu, na Wells akazingatia. Siku ya pili aliivuta hewa hiyo mwenyewe, akang'olewa gego na mwenzake, John Riggs, asione uchungu wa kusemwa.

Januari 1845 akenda Boston kuwaonyesha madaktari. Hewa haikumkolea mgonjwa, akalia, na Wells akazomewa. Tarehe 16 Oktoba, 1846, William Morton, aliyekuwa mwanafunzi na mshirika wake, akafaulu mumo humo mjini kwa dawa ya etha. Sifa zikamwendea yeye.

Wells, kwa uchungu wa moyo, alikwenda New York akaijaribu klorofomu. Hakuwa na wa kumwongoza wala wa kumzuia. Aliivuta mara kwa mara ili aijue, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitekwa. Januari 1848 akarukwa na akili, akawamwagia tindikali wanawake njiani, akatiwa jela. Akili ilipomrudia, akajua alilolitenda, alijiua mumo humo tarehe 24, akiwa na miaka 33.

Ilipofika mwaka 1927, Daktari Ralph Waters alianzisha mafunzo rasmi ya fani hii katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwanafunzi akawa chini ya jicho la mwalimu. Leo hufundishwa mambo mawili: kutomwacha mgonjwa aliyelala hata dakika moja, na kujilinda nafsi yake. Dawa azishikazo zaweza kumteka, na uchovu waweza kumponza yeye na mgonjwa. Kusema nimeelemewa, nisaidieni, si aibu.

Mganga hajigangi. Basi naye na awe na wa kumganga.