Karume wa Boti

Kila Aprili 7 tunapewa mapumziko, na wengi wetu hapa chuoni tunayamalizia kitandani. Sina ugomvi na usingizi. Ila nataka tumzungumze Mzee Abeid Amani Karume wa bandarini, yule wa kabla ya picha za ukutani.

Alizaliwa Unguja mwaka 1905. Skuli hakusoma sana. Akiwa kijana aliingia melini, akawa baharia, akaizunguka dunia miaka mingi. Aliporudi hakukimbilia ofisini. Enzi hizo meli za abiria zilitia nanga nje, watu wanavushwa kwa boti. Karume akawakusanya wenye boti, wakaunda umoja wao. Mimi naona mwanasiasa alizaliwa hapo, wala si jukwaani. Hebu fikiria: watu kumi wanamgombania abiria mmoja, bei inashuka, nyote mnarudi nyumbani mikono mitupu. Kuwafanya hao wasikilizane si mchezo, bwana.

Februari 1957 African Association aliyoiongoza ikaungana na Shirazi Association, ikazaliwa ASP. Julai akamshinda Ali Muhsin, msomi wa Makerere, pale Ng'ambo. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi, na damu nyingi, naye akawa Rais. Ardhi ikataifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu, skuli na matibabu yakawa bure, majumba ya Michenzani yakaanza kupanda. Hayo lazima tuyaseme.

Kinachonisumbua ni kingine. Mtu aliyejua nguvu ya wafanyakazi kujikusanya wenyewe, serikali yake ndiyo iliyoviondoa vyama vyao huru na kuiweka kazi hiyo chini ya ASP. Wapinzani wakafungwa, hata wenzake wa 1964. Abdulla Kassim Hanga hakurudi. Nadhani alikiogopa kilekile alichokijenga: watu wa chini wenye sauti yao, isiyosubiri ruhusa ya ofisi. (Viongozi wa serikali ya wanafunzi, msijikune.)

Jioni ya Aprili 7, 1972 alipigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya ASP, na hapohapo akazikwa. Wazanzibari hawakupiga kura ya kumchagua Rais wa Zanzibar hadi mwaka 1980.