Robert Koch: daktari wa sindano aliyefika mpaka ziwani kwetu

Robert Koch wote tulimkariri kwenye baiolojia: ndiye aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Ila kipande cha maisha yake kilichopita huku kwetu hakisemwi sana, na ndicho kinatuhusu.

Jamaa alizaliwa 11 Desemba 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Akasomea udaktari Göttingen, akaishia kuwa daktari wa wilaya, mashambani kabisa. Hukohuko, kwa hadubini na panya, mwaka 1876 akaonyesha bakteria gani analeta kimeta. Mwaka 1882 akatangaza yule wa kifua kikuu. Jina likapaa dunia nzima.

Sifa zikampa haraka. Mwaka 1890 akatangaza dawa ya TB, tuberkulini, lakini akaficha imetengenezwaje. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walikufa baada ya kudungwa. Siku hizi tuberkulini ni ya kupimia tu.

Basi akageukia Afrika. Sotoka ilipokuwa inamaliza ng'ombe Afrika Kusini, mwaka 1897 alijaribu kuwakinga wazima kwa kuwadunga nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Mwaka 1898, kwa sampuli kutoka Kiziba, Bukoba, akathibitisha kwamba ugonjwa ambao wazee waliuita rubwunga ni tauni.

Mwaka 1905 akapata Nobel. Mwaka uliofuata akarudi kutafuta dawa ya malale, akapiga kambi visiwa vya Ssese, Uganda. Wagonjwa walikuja wengi mno, wengine kutoka upande wetu wa ziwa. Alitumia Atoxyl, dawa yenye arseniki. Tatizo lake: ukiacha kudunga, vimelea vinarudi kwenye damu. Kwa hiyo ni sindano juu ya sindano, miezi na miezi. Alipoona nusu gramu haitoshi akapandisha dozi mpaka gramu nzima. Watu zaidi ya 20 wakapofuka, macho hayakurudi tena.

Koch aliondoka 1907. Wajerumani wakafungua kambi za malale Kigarama, Bukoba, na Shirati, Mara. Wagonjwa wengi walitoroka, na sioni wa kuwalaumu. Yeye alifariki 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Sasa kwa nini nayaleta haya? Januari 2025 Marburg ilithibitishwa hapahapa Biharamulo. Mpaka inatangazwa kwisha mwezi Machi, watu 10 walihesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara. Chanjo iliyoidhinishwa haikuwepo.

Majaribio lakini yapo. Mwaka 2009 na 2010, Kampala, watu wazima 108 walijitolea kujaribu chanjo za DNA za Ebola na Marburg. Chanjo ya DNA haiingizi kirusi mwilini. Inazipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi, ili kinga ya mwili ikijue mapema. Chanjo hazikuonekana kuleta madhara makubwa, ila ilibidi wachomwe mara tatu. Tena DNA ikiwa peke yake mwili unaivunja haraka, na kidogo tu ndiyo inafika ndani ya seli.

Ndiyo maana kuna wataalamu wanaoifunga DNA kwenye vifuko vya polima, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Vifuko hivi vinayeyuka vyenyewe taratibu, kama uzi wa kushonea kidonda usiotolewa, na DNA inatoka kidogokidogo. Lengo ni sindano moja ifanye kazi ya nyingi. Fikiria mama wa kijijini Ngara asiyelazimika kutembea kwenda zahanati mara tatu! Kwa chanjo za DNA bado hili ni suala la utafiti.

Kwa hiyo swali lililomshinda Koch pale Ssese bado lipo: dozi kiasi gani, mara ngapi, bila kumuumiza mtu. Tofauti ni kwamba yeye aliamua dozi mwenyewe, na waliolipa kwa macho yao ni wagonjwa. Siku majaribio yakifika kwetu tusikimbie, lakini tusinyooshe mkono kimyakimya pia. Tuulize kuna nini ndani, ni kiasi gani, na mtu akidhurika nani anamhudumia. Mtaalamu akiwa na jina kubwa, ndiyo tuulize zaidi.

Nawasilisha. Wenye wazee waliosimuliwa habari za Kigarama, shusheni hapo chini kwenye maoni.