Krapf na Rosina: Maombi Katika Nyumba Yenye Homa

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Samweli 12:15–23, Zaburi 55:16, 17, Danieli 6:10, Matendo 10:1, 2.

Katika nyumba nyingi za Gongo la Mboto siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Mama ameamka saa kumi alfajiri kupika maandazi ya kuuza, watoto wanatafuta sare zao, na baba anawahi daladala kabla foleni ya kwenda mjini haijashika. Jioni wote wanarudi wamechoka, na madhabahu ya familia inaahirishwa hadi kesho. Akiugua mtoto, hata hiyo kesho haifiki. Ni rahisi kudhani kwamba maombi ya nyumbani ni ya watu wenye nafasi na utulivu. Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosina hawakuwa na nafasi wala utulivu.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika familia ya mkulima huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alikuwa Mlutheri, lakini aliyemtuma Afrika alikuwa CMS, chama cha umisionari cha Kanisa la Anglikana la Uingereza. Mwaka 1837 alifika Ethiopia. Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich huko Misri, nao wakajaribu kurudi pamoja Ethiopia, lakini njia ilifungwa. Katika safari hiyo Rosina alijifungua nyikani kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi, wakamzika huko huko, wakaendelea na safari.

Januari 1844 walifika Zanzibar. Sultani Seyyid Said aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei walihamia Mombasa. Rosina alikuwa mjamzito tena. Tarehe 8 Juni, akisaidiwa na Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Homa iliingia nyumbani mwao kama mgeni asiyepiga hodi.

Mwanzoni mwa Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikamshika mama, naye baba akalala na homa hiyo hiyo katika chumba kile kile. Krapf aliandika baadaye jinsi mke wake alivyoomba katika siku zile za mwisho. Aliwaombea ndugu zake, akajiombea mwenyewe na mume wake. Kisha maombi yake yakatoka nje ya nyumba: aliiombea kazi ya injili, akaiombea Afrika Mashariki, na akamwombea Sultani, ili Mungu augeuze moyo wake kuutafuta wema wa milele wa watu anaowatawala. Mwanamke huyu hakuwa na hakika ya kuliona jua la kesho, wala mtoto wake mchanga hakuwa na mtu mzima wa kumlea.

Tarehe 13 Julai Rosina alilala mauti. Krapf alikuwa mgonjwa kiasi kwamba ilimbidi ajikokote kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba kweli mkewe amefariki. Kwa matakwa ya Rosina mwenyewe alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili Wanyika wanaopita pale waone kaburi na kukumbuka kilichomleta. Baada ya siku chache mtoto naye alifariki, akazikwa karibu na mama yake. Wote wawili wanangoja sauti ya Mtoa Uzima asubuhi ya ufufuo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Biblia anapopaswa kutulia. Nyumba ile iliomba, na bado makaburi mawili yalichimbwa. Daudi naye alifunga na kulala chini kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto akafa. Lakini Daudi aliinuka, akaingia nyumbani mwa Bwana na kuabudu. Krapf alifanya vivyo hivyo. Hakupanda meli ya kurudi Ulaya. Aliwaandikia wakuu wa CMS kuwaambia kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika pwani hii, na kwamba hilo liwe kwao ishara ya kuendelea na kazi, si ya kuiacha. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na mwezi Agosti mwaka huo, wote wawili wakiwa na homa, walipanda kwenda Rabai kufungua kituo chao.

Krapf aliendelea na Kiswahili hadi uzeeni. Kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Afya mbaya ilimrudisha Ujerumani, akaishi Korntal. Usiku wa Novemba 26, 1881, aliingia chumbani kwake kulala kama kawaida. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Mtu hajifunzi kupiga magoti usiku wa mwisho wa maisha yake. Danieli alipiga magoti siku ya hatari kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Kwa hiyo jamaa isiyoweza kupata saa nzima ya ibada ianze na dakika ilizo nazo: maandazi yakiwa jikoni, kabla baba hajafungua mlango, fungu moja lisomwe na ombi fupi litolewe, na kila mtoto atajwe kwa jina. Jioni, anayechelewa kwa foleni aombewe na waliotangulia kufika. Na ombi hilo lisiishie kwenye ada ya shule na kodi ya nyumba. Jirani mgonjwa, mwenye nyumba mkali na viongozi wa nchi nao wana nafasi humo, kama Sultani alivyokuwa na nafasi katika maombi ya Rosina.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Daudi aliabudu baada ya ombi lake kukataliwa? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje mzazi aliyeomba na bado akazika?

2. Ni saa gani katika siku ya familia yako inayoweza kuwa ya maombi bila kungoja utulivu? Mwamueni kabla ya Sabato ijayo nani atakayewaita wengine.

3. Soma tena Matendo 10:2. Ni nani nje ya nyumba yako ambaye hajawahi kutajwa katika maombi ya familia? Mwanzeni kumwombea juma hili.